Maneno ya Kwenye Kifuniko: Kisa cha Bunduki ya Mesa

Miezi michache iliyopita mpwa wangu anayeishi viungani mwa Phoenix, Arizona, alinitumia picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bunduki mpya aina ya AR-15, bado inang'aa mafuta ya kiwandani. Ya pili ilikuwa ya kibati cheusi, urefu wake kama kidole cha shahada, kifuniko cha tundu la ubavuni mwa bunduki linalotoa maganda ya risasi, ambacho alikuwa karibu kukiagiza. Muuzaji huchonga maneno yoyote utakayo, na mpwa wangu alikuwa ameshachagua yake: UTAKIONA CHA MTEMA KUNI.

"Mjomba, umeionaje?" aliandika. "Na raha yake, huku hakuna atakayeelewa."

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia simu tukaongea hadi usiku mkubwa, kwa sababu Mesa ni jirani na anakokaa, na Mesa ndiko kilikotokea kisa ambacho kila mwenye silaha mpya mkononi angepaswa kukijua kabla hajanunua kipuri hata kimoja. Niliyomwambia usiku ule nayaandika hapa kwa kirefu, maana najua wako vijana wengi wetu Marekani, kutoka Kongo, Kenya, Tanzania na Burundi, wanaonunua silaha ya kwanza maishani na kukutana na swali lile lile ndani ya wiki moja: niiache ilivyotoka kiwandani, au niibadilishe iwe yangu?

Korido ya ghorofa ya tano

Tarehe 18 Januari 2016 Daniel Shaver alikuwa amepanga chumba katika hoteli ya La Quinta, mjini Mesa. Alikuwa na umri wa miaka 26, mkazi wa Granbury, Texas, mume wa mtu na baba wa mabinti wawili. Kazi yake ilikuwa kuangamiza wadudu na ndege wasumbufu kwenye majengo, na kwa ajili ya ndege alikuwa na bunduki za upepo. Jioni ile aliwakaribisha chumbani wageni wawili wa hoteli, wakanywa, akawaonyesha moja ya bunduki hizo. Watu waliokuwa chini wakaona umbo la bunduki dirishani ghorofa ya tano. Wakaarifu mapokezi, mapokezi wakapiga simu polisi.

Polisi walijipanga koridoni wakiwa na bunduki. Sajenti mmoja alikuwa akitoa amri kwa sauti kubwa, moja juu ya nyingine: lala, pandisha miguu, piga magoti, mikono juu, tambaa. Shaver alikuwa amelewa na alikuwa akilia. Aliwasihi wasimpige risasi. Alipokuwa anatambaa, mkono wake wa kulia ulirudi nyuma kuelekea kiunoni, kama mtu anayepandisha kaptura inayomvuka. Askari Philip Brailsford akafyatua risasi tano. Shaver alifia pale pale. Hakuwa na silaha yoyote mwilini. Chumbani zilikutwa zile bunduki za upepo, vitendea kazi vyake.

Nimeitazama video ya kamera ya kifuani mara moja tu na sitaitazama tena. Ninalolichambua hapa ni bunduki, lakini sitaki msomaji asahau hata kwa sentensi moja kwamba upande wa pili wa mtutu alikuwapo baba wa watoto, anatambaa kwa magoti.

Bunduki aliyoitumia Brailsford ilikuwa AR-15 yake mwenyewe, aliyokwenda nayo kazini. Na kwenye kifuniko cha dirisha la maganda yalikuwa yamechongwa maneno mawili ya Kiingereza, ya matusi, ambayo kwa Kiswahili cha staha ni "umekwisha".

Kibati hiki hufanya nini

Upande wa kulia wa AR-15 kuna dirisha dogo ambamo ganda la risasi hurukia nje baada ya kufyatua. Kifuniko chake kazi yake ni moja: kuzuia vumbi na mchanga visiingie ndani. Unakifunga kwa kidole. Unapokoki, chuma cha ndani kikarudi nyuma, kifuniko hufunguka chenyewe na kuning'inia. Wanaouza vifuniko vya kuchongwa kwa kawaida huchonga upande wa ndani, ili maneno yafichike bunduki ikiwa imetulia na yajitokeze ikishakokiwa. Ndiyo "mvuto" wake.

Sasa piga hesabu ya kiufundi. Kifuniko chenye maandishi hakiongezi usahihi wa shabaha. Hakipunguzi mtikisiko. Hakimsaidii mtu kuona gizani wala kuzuia bunduki kukwama. Kwa mizani ya kazi, ni sifuri. Kitu pekee kinachofanya ni kusema, na kinamsemea mwenye bunduki wakati yeye mwenyewe hayupo kufafanua alikuwa na maana gani.

Yaliyofuata mahakamani

Machi 2016 Brailsford alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Mwezi huo huo alifukuzwa kazi, na miongoni mwa makosa ya kinidhamu aliyoandikiwa ni yale maandishi kwenye bunduki, kinyume cha kanuni za idara. Kesi ilianza kusikilizwa Oktoba 2017. Upande wa mashtaka ulitaka juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, waelezwe kuhusu kifuniko. Jaji alikataa.

Hapa ndipo wengi wa upande wa "badilisha upendavyo" hushika bendera, kwa hiyo tukae kidogo. Kanuni za ushahidi za Arizona, kama zile za mahakama za shirikisho, zinampa jaji uwezo wa kuzuia ushahidi ikiwa madhara yake ya kuwapaka juri chuki yanazidi kwa mbali msaada wake katika kuonyesha ukweli. Suala mezani lilikuwa: je, sekunde ile, askari mwenye busara angeamini kwamba Shaver anachomoa bastola? Maneno yaliyochongwa siku nyingi nyuma hayajibu swali hilo moja kwa moja, na yangeweza kuwafanya juri wamchukie mshtakiwa kabla ya kuupima mkono ule uliorudi kiunoni. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi, na kisheria naielewa.

Tarehe 7 Desemba 2017 juri walimwachia huru kwa mauaji ya daraja la pili, na pia kwa kosa dogo zaidi la kuua kwa kutojali. Baada ya hukumu ndipo umma ulipoonyeshwa video nzima.

"Unaona, Mjomba?" mpwa wangu alisema nilipofika hapo. "Kifuniko hakikumfunga."

Nikamwambia ahesabu tena, maana yako mambo manne aliyoyaruka.

Kwanza, kuzuiwa kwa ushahidi ule kulikuwa uamuzi wa jaji mmoja, akitumia hiari aliyopewa. Jaji wa chumba cha jirani angeweza kuamua vingine bila kuvunja sheria yoyote, hasa kama mwendesha mashtaka angejenga hoja kwamba maneno yale yanaonyesha nia. Mtu anayechonga maneno akitegemea kwamba yatazuiwa, ameweka uhuru wake mikononi mwa mtu asiyemjua. Pili, wakili wake alilazimika kutumia muda na nguvu kupigana na kibati. Askari alikuwa na mafunzo ya idara ya kumtetea: hoja kuu ya utetezi ilikuwa kwamba alifanya kama alivyofundishwa. Kijana wa kawaida mwenye bunduki chumbani kwake hana mwalimu wa kuja kusema hivyo, wala hana sare ambayo juri wengi wa Marekani huiamini kabla mtu hajafungua mdomo.

Tatu, mahakama ilifunga mlango mmoja tu. Mwajiri alikuwa ameshaingia kupitia mwingine. Mwaka 2018 jiji lilimrudisha kazini kwa muda mfupi, kisha akastaafishwa kwa sababu za kiafya, na habari hiyo ilipotoka, ikiwa na pensheni ya takriban dola 2,500 kwa mwezi, watu walikasirika upya, na katika kila habari kibati kilitajwa. Nenda kaulize mtu yeyote anayefuatilia mambo haya anakumbuka nini kuhusu bunduki ya Mesa. Hatakuambia urefu wa mtutu wala aina ya kilengeo. Atakuambia maneno mawili.

Nne, madai ya fidia. Mwaka 2022 jiji la Mesa lilikubali kumlipa mjane na watoto wa Shaver dola milioni 8, baada ya kuwa limeshamalizana na wazazi wake. Jiji ndilo lililolipa. Mpwa wangu hana jiji nyuma yake. Ana mshahara wa ghala, gari analolipia kila mwezi, na mama Morogoro anayesubiri hela ya kila mwisho wa mwezi.

Mtema kuni na mkalimani

Kuhusu lile wazo kwamba Kiswahili kitamficha, nilimwomba aifikirie siku yenyewe. Mahakama za Marekani zina wakalimani wa Kiswahili, na Arizona, ambako wakimbizi wengi wa Kikongo wamepokelewa, haitahangaika kumpata mmoja. Mkalimani ataapa. Ataulizwa maneno yana maana gani neno kwa neno, kisha ataulizwa yanatumika wapi. Na mkalimani mwaminifu atajibu kweli: ni maneno anayoambiwa mtoto kabla ya kiboko, au mtu unayemwahidi mateso. Ni kitisho. Kila aliyelelewa kwa lugha hii anajua, hakuna kona ya kujificha.

Tena kukiandika kwa lugha ngeni kunaongeza uzito. Mwendesha mashtaka atawauliza juri: kwa nini alikiandika mahali ambapo mtu hakioni mpaka bunduki ikokiwe, na kwa lugha ambayo majirani hawaijui? Mzaha wa kijana wa miaka 24 unageuka siri ya mtu aliyekuwa anangoja siku yake.

Sidhani kwamba kila anayechonga maneno kama hayo ana kiu ya damu. Wengi ni vijana wanaopenda kitu chao kipya, kama dereva wa daladala anavyoandika methali kwenye kioo cha nyuma. Lakini daladala haitengenezwi kwa ajili ya kumtoboa mtu. Silaha ya kujilinda ina uhalali mmoja tu, kwamba mwenye nayo hakutaka ifike huko na akalazimika. Maneno ya kutamba yanakanusha uhalali huo kabla tukio halijatokea.

Basi tuiache kama ilivyotoka kiwandani?

Hapo lazima niwe mwaminifu kwa upande wa pili, kwa sababu wapo wanaoifanya "bunduki ya kiwandani" kuwa hirizi. Arizona hiyo hiyo ina kisa kinachoivunja imani hiyo.

Mei 2004, Harold Fish, mwalimu mstaafu, alikuwa anatembea peke yake njia ya msituni kaskazini mwa jimbo. Mbwa wasiofungwa walimkimbilia, akapiga risasi moja ardhini kuwatisha. Mtu aliyekuwa na mbwa hao akamkimbilia kwa hasira, Fish akamfyatulia akamuua. Bastola yake ilikuwa Kimber ya milimita 10, ya dukani. Hakuna aliyedai kwamba aliitengeneza upya. Hata hivyo mahakamani mwendesha mashtaka aliisema bastola yenyewe: kwamba risasi ya milimita 10 ina nguvu kuliko zile wanazobeba polisi wengi, na kwamba alitumia risasi zenye tundu kwenye ncha, zinazotanuka zikiingia mwilini. Mwaka 2006 alihukumiwa miaka 10. Alikaa gerezani karibu miaka mitatu kabla mahakama ya rufaa haijaifuta hukumu hiyo mwaka 2009. Kesi yake ilichangia Arizona kubadilisha sheria, ikawa jukumu la upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba mtu hakuwa anajilinda.

Kwa hiyo silaha ya kiwandani haikumkinga Fish. Lakini angalia tofauti. Kila alichoulizwa Fish kilikuwa na jibu la kawaida: msituni kuna dubu, kwa hiyo nguvu ya risasi ina sababu, na risasi za kutanuka ndizo polisi wenyewe wanazotumia kwa kuwa hazipenyi mtu na kumfikia wa nyuma yake. Swali lenye jibu linaweza kumsumbua wakili kwa nusu saa. Swali ambalo jibu lake ni "niliona linapendeza" halina pa kukimbilia. Hicho ndicho kipimo nilichompa mpwa wangu, na ndicho ninachokishikilia mwenyewe: kwa kila kipande utakachobadilisha, uwe na sababu unayoweza kuisema kwa sauti ya kawaida mbele ya mama wa mtu aliyekufa.

Kwa kipimo hicho, tochi ya kufunga kwenye bunduki inapita bila kusita. Nani atakulaumu kwa kutaka kujua kama kivuli cha sebuleni ni mwizi au ni binamu aliyerudi usiku bila kupiga simu? Vilengeo vinavyong'aa gizani vinapita. Mkanda wa begani unapita. Kitako kinachorekebishika kwa mtu mwenye mikono mifupi kinapita. Hivi vyote vinasaidia risasi iende inakotakiwa na isiende isikotakiwa, na ni vigumu sana kuvigeuza viwe ubaya.

Kifyatulio

Kilichobaki ni kifyatulio, na hiki ndicho mpwa wangu alikitaja mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu aliyetumaini hakitaulizwa. Alikuwa ameweka kwenye kikapu cha manunuzi kifyatulio chepesi cha mashindano. Cha kiwandani kwenye AR-15 ya kawaida huhitaji mvuto wa kilo 2.5 hadi 4.3 hivi. Alichokitaka yeye kilikuwa cha kilo moja na nusu.

Sababu ya kukitaka ni ya kweli. Kifyatulio chepesi na laini kinakusaidia kupiga shabaha vizuri, kwa kuwa kidole hakiusukumi mtutu kando. Wapiga shabaha wa mashindano wanavitumia kwa haki. Lakini uwanja wa mashindano na korido ya nyumbani saa nane za usiku ni mahali pawili. Mwili ukiingiwa na hofu, moyo hupiga mbio, damu huondoka vidoleni, na ncha ya kidole hupoteza hisia. Mtu anadhani amegusa kumbe amevuta. Kifyatulio kizito kiasi kinakupa nafasi ndogo ya kujirudi, na katika sekunde zile nafasi ndogo ni maisha ya mtu.

Kisheria kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na mimi nilichelewa kulijua. Kujilinda ni kitendo cha makusudi: unamwambia hakimu, nilifyatua kwa kutaka, kwa sababu nilikuwa nauawa. Ajali ni kitu kingine. Ukisema ilifyatuka yenyewe, umeiacha hoja ya kujilinda na umebaki na uzembe. Sasa mwendesha mashtaka asiyeweza kuthibitisha kwamba ulikuwa na chuki ana njia nyepesi zaidi: aseme hukukusudia, ila ulichezea kifyatulio hadi kikawa kama unywele, kikakuponyoka. Kuua kwa uzembe. Na wakili wa madai ana kishawishi chake cha ziada, kwa sababu bima ya nyumba kwa kawaida hailipi kitendo cha makusudi lakini inaweza kulipa uzembe. Kwake yeye, ajali ndiko kwenye pesa.

Miami waliliona hilo mapema. Desemba 28, 1982, askari Luis Alvarez alimpiga risasi kijana Nevell Johnson katika ukumbi wa michezo ya video, mtaa wa Overtown. Kijana alifariki siku iliyofuata na mtaa ukawaka kwa ghasia. Sehemu ya hoja ya upande wa mashtaka ilikuwa kwamba askari alikuwa ameikoki rivolva kwa dole gumba, hali inayokifanya kifyatulio kuwa chepesi mno, ikafyatuka kwa uzembe. Juri walimwachia mwaka 1984. Baada ya hapo polisi wa Miami walizibadilisha rivolva zao zisiweze kukokiwa kwa nyundo kabisa, kila risasi ihitaji mvuto mrefu na mzito. Hayo nayo ni marekebisho, ila yaliyokwenda kinyume na yanayouzwa kwa vijana wetu. New York waliposhika bastola za Glock nao hawakuridhika na kifyatulio cha kiwandani cha kilo 2.5. Walidai kizito zaidi, na kile cha polisi wa jiji kilifika zaidi ya kilo 5. Mimi naona walizidisha, kwa sababu kifyatulio kizito hivyo humfanya mtu akose shabaha, na risasi iliyokosa haina macho. Kiwango cha kiwandani kiko katikati, na kina faida moja ambayo huwezi kuinunua: kimechaguliwa na mhandisi wa kampuni, na ukiulizwa unaweza kusema, hivyo ndivyo mtengenezaji alivyoona kinafaa kwa kujilinda.

Liko na la kiufundi. Vifyatulio vingi vyepesi hupata wepesi wao kwa springi dhaifu, na springi dhaifu wakati mwingine haifanyi nyundo ipige kwa nguvu ya kutosha fataki ya risasi, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Unavuta, inatoa mlio mkavu, basi. Mtu aliyetaka kuokoa nusu sekunde amepoteza yote.

Kiwanda nacho hukosea

Nisingependa mtu aondoke akidhani kila kilichotoka kiwandani ni salama. Mwaka 2017, miezi michache baada ya jeshi la Marekani kuichagua bastola mpya iliyotokana na SIG P320, majaribio yalionyesha kwamba P320 za raia zikianguka kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka bila mtu kugusa kifyatulio. Agosti mwaka ule kampuni ikatangaza mpango wa hiari wa kuzirudisha na kuzibadilishia kifyatulio na sehemu za ndani bila malipo. Remington nao, Aprili 2014, waliziita nyuma bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006, kwa hofu ile ile ya kufyatuka zenyewe. Mwenye bunduki kama hizo aliyekataa kuibadilisha kwa jina la "kiwandani ndiyo bora" alikuwa anaishi na hatari chumbani.

Kwa hiyo siku ya kwanza na silaha mpya, kazi ya kwanza ni kuingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni na kuangalia kama imeitwa nyuma. Ya pili ni kuifyatua uwanjani ikiwa haijaguswa. Risasi 300, 500 kama mfuko unaruhusu, na zile zile utakazozitumia nyumbani ziwemo. Bunduki mpya ikikwama ikiwa kama ilivyozaliwa, unajua mwenye kosa ni nani na waranti inakulinda. Ukiwa umeshabadilisha vitu vinne ndipo ikakwama, utabaki kubahatisha, na kampuni ina haki ya kukuuliza ulichokifanya ndani. Zaidi ya hapo, watu wengi baada ya risasi 500 huona kifyatulio walichokilalamikia kimelainika, na kidole chao kimekomaa.

Yapo mabadiliko ambayo si ya kujadiliwa. Kuifanya bunduki ifyatue mfululizo, kukata mtutu wa bunduki ndefu chini ya inchi 16 bila idhini ya shirikisho, kufuta namba ya utambulisho: sheria ya silaha ya shirikisho ya mwaka 1934 na zilizofuata zinayaadhibu kwa miaka ya gerezani, hadi 10, na kwa asiye raia, hatia kama hiyo inaweza kumaanisha ndege ya kurudi nyumbani. Kwa ndugu walioko Kenya na Tanzania hali ni nyembamba zaidi, kwani kibali hutolewa kwa silaha mahususi yenye namba yake, na kuigeuza bila ruhusa ni kosa lenyewe, hata kama hujamdhuru mtu.

Tulipomaliza kuongea mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kuhusu mabinti wa Shaver, wana umri gani sasa. Nikamwambia walikuwa wadogo sana mwaka ule. Akasema sawa, Mjomba, ngoja nikalale.

Wiki tatu baadaye alinitumia picha nyingine. Bunduki ilikuwa na tochi na mkanda, na kando yake daftari alimoandika tarehe na idadi ya risasi alizofyatua: 120, 100, 140. Mara mbili imekwama, zote kwa magazini moja ya bei rahisi, ameitupa. Kifyatulio hakukigusa. Nilivuta picha kwa vidole viwili niangalie upande wa kulia, dirisha la maganda. Kifuniko kilikuwa wazi, cheusi, hakina neno.